Namba 412: historia ya chembe nyeupe za damu

Nyumbani kwetu kuna karatasi moja ya labo ya mwaka 2011, imekunjwa mara nne. Ina jina la shangazi yangu na namba: CD4, 412. Wakati ule nilikuwa bado masomo ya sekondari, sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba munganga alimwambia: «Mama, rudi nyumbani, bado hujafika kwa dawa.» Akarudi na furaha, siku ile akatupikia sombe na samaki.

Nilipofika univasite njo nikaanza kuuliza: hii namba ilitoka wapi?

Mambo yanaanzia mbali. Mwaka 1882, Mrusi mmoja, Élie Metchnikoff, alikuwa anaishi Messina, Italia. Hakuwa munganga, alikuwa mtu wa elimu ya wanyama. Siku moja familia yake ilienda kuangalia sarakasi, yeye akabaki peke yake na mikroskopi, anaangalia vitoto vya kiti cha pwani, mnyama wa bahari ambaye mwili wake unapitisha mwanga kama kioo. Akawaza: kama kitu kigeni kikiingia humu, chembe zinazotembea zitakifuata? Akachuma miiba ya mti wa waridi mu bustani, akawachoma nayo. Usiku hakulala. Asubuhi akakuta chembe zimezunguka mwiba pande zote.

Mbele ya pale, wanganga walikuwa wameona chembe nyeupe ndani ya usaha, lakini wengi waliwaza kwamba zinabeba vijidudu na kuvitawanya mwilini. Metchnikoff akasema hapana, zinavimeza. Akabishana miaka mingi. Upande wa Ujerumani, Paul Ehrlich alikuwa anapaka damu rangi za viwandani, na tangu 1879 akaonyesha kwamba chembe nyeupe ni za aina mbalimbali. Karatasi zetu za labo mpaka leo zinafuata mgawanyo ule: neutrofili, eozinofili, bazofili. (Na sisi tukiona «globuli nyeupe zimepanda» tunakimbia kununua antibiotiki bila kuuliza ni aina gani iliyopanda. Tuache tu.) Mwaka 1908 hawa wawili wakagawana tuzo ya Nobel.

Limfositi zilichelewa kueleweka. Ni mwaka 1961 tu Jacques Miller alionyesha kazi ya tezi ya thaimasi, fasi ambapo limfositi T zinakomalia. Kati yao kuna T4, ndizo CD4 za karatasi yetu. Zenyewe hazimezi kitu. Zinaamsha zingine. T4 zikiisha, askari wengine wako, lakini hakuna anayewapigia filimbi.

Sasa tufike kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Dokta Kapita Bila, mu hopitali Mama Yemo ya Kinshasa, alikuwa anaona wagonjwa wanakonda, wanaharisha bila kupona, wengine na ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kuvu. Mwezi wa kumi 1983 timu ya wageni, pamoja nao Peter Piot na Joseph McCormick, ikaja kufanya kazi pamoja naye na wenzake. Shida ilikuwa moja: Paris walikuwa wameshatangaza virusi mwezi wa tano mwaka uleule, lakini kipimo cha damu kilianza kuuzwa 1985 tu. Sasa utajuaje huyu ana ugonjwa gani?

Walihesabu chembe nyeupe. Tangu 1975 Köhler na Milstein walikuwa wamepata njia ya kutengeneza kingamwili zinazoshika alama moja tu. Ukizitia rangi inayong'aa, T4 zinajionyesha, unazihesabu. Kwa wagonjwa wale wa Kinshasa, T4 zilikuwa zimeanguka sana. Kwa wiki tatu walipata wagonjwa 38, wanaume na wanawake karibu sawa. Njo pale dunia ilipaswa kuacha kusema kwamba ni ugonjwa wa wanaume wa Marekani wanaolala na wanaume. Wengi hawakutaka kuamini.

Ile hesabu iliyofungua macho, baadaye ikawa mlango wa dawa. Mtu mzima ana CD4 kati ya 500 na 1500 hivi kwa milimita moja ya ujazo. Dawa zilipokuwa haba na za bei, OMS iliweka mpaka kwa 200. Mwaka 2010 ikapandisha kwa 350. Shangazi na 412 yake akabaki inje ya mlango. Munganga yule hakukosea kitabu chake, nakubali. Lakini hakuna aliyemwita tena apimwe, na yeye alisikia «hujafika kwa dawa» kama «huna ugonjwa». Alipoanza kukohoa, majirani walisema ni sumu, tukapoteza miezi kwa waganga wa miti.

Alifariki mwezi wa tatu 2013. Mwezi wa sita OMS ikapandisha mpaka kwa 500. Mwaka 2015, kiisha utafiti wa START kuonyesha faida ya kuanza mapema, mpaka ukaondolewa kabisa: kila mwenye virusi aanze dawa, namba yoyote.

Mama hataki tutupe ile karatasi. Iko mu valizi, katikati ya vitenge vyake shangazi.