Wambo, Si Mvutano

Nililetewa hapa Goma kijitabu cha matunzo ya katamarani ndogo ya tanga, nikisahihishe Kiswahili chake. Ukurasa wa nne umeandikwa: "Pima mvutano wa mlingoti kabla ya kuingia majini." Nikakifunga. Mimi ni mzaliwa wa Rubaya, huko Masisi. Sisi watu wa Masisi neno mvutano tunalisikia redioni asubuhi na jioni, na halijawahi kuwa neno la kamba. Ni la watu wanaogombea mlima, machimbo, barabara. Tangu mji wetu uingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, halijatutoka masikioni. Mvutano unataka pande mbili, kila upande na shauku yake. Waya unaoshikilia mlingoti haugombani na mtu. Umewambwa.

Neno ninalolitetea ni wambo. Kuwamba ni kutandaza kitu na kukikaza kutoka pande zake mpaka ulegevu uishe: ngozi huwambwa juu ya ngoma, kitanda huwambwa kwa kamba. Shina lake ni la kale kuliko Kiswahili chenyewe. Wanaochunguza lugha za Kibantu hulirudisha kwenye -bamb-, na b hiyo ndiyo iliyolainika pwani ikawa w, kama abantu wa Kinyarwanda walivyo watu kwa Waswahili. Huku kwetu b ilibaki. Kubamba ni kuwamba ngozi ya ng'ombe chini, juani, na kijiti cha kuishikilia huitwa urubambo. Kitenzi hichohicho ndicho Wakristo wanaosali kwa Kinyarwanda hukitumia kwa Bwana aliyesulubiwa, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni neno jepesi.

Babu yangu alivichonga vijiti hivyo mwenyewe. Alianza shingoni, akaenda mkiani, kisha ubavu huu na ubavu ule kwa zamu, kijiti kimoja kimoja. Akizidisha upande mmoja, ngozi ilikunjamana upande wa pili, naye aliking'oa kijiti akaanza upya bila kusema neno. Mwisho aliigonga katikati kwa kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Miaka mingi baadaye nilimwona baharia akifanya vivyo hivyo kwa waya wa mlingoti: anaugonga kwa ukucha, anasikiliza, anahamia waya wa pili. Na fizikia inawaunga mkono wote wawili. Waya wa urefu uleule ukiongezewa wambo mara 4, sauti yake hupanda oktava moja. Mpiga ngoma anayeisogeza ngoma yake kwenye moto wa nyasi anajua jambo hilo kwa mikono. Ngozi, waya, ngoma: kitenzi ni kimoja. Mvutano unaweza kusema hayo?

Kamati moja niliyoipelekea pendekezo hili ilinijibu kwamba wambo ni neno la ngozi na halifai chuma. Nilisikitika, kwa sababu vitabu vya biolojia vinavyopita mikononi mwa wanakamati haohao vina kiwambo na kiwamboute, na hakuna aliyelalamika. Shina lililokubalika ndani ya pua na sikio limeshindwaje kupanda mlingotini? Kuna pia msomi anayeshikilia mkazo. Ninamheshimu, lakini kukaza ni kazi ya mkono, nao mkono ukishaondoka kinachobaki ndani ya waya ndicho tunachotafutia jina. Zaidi ya hayo, mkazo tayari una ajira yake kwenye silabi. Wambo haukuajiriwa na mtu, na unakuja na jamaa zake wote: wamba, wambika, na wambua pale unapotaka kulegeza.

Katamarani nimeiacha ilivyo. Ni neno la Kitamili, kattu kufunga na maram mti: miti iliyofungwa pamoja. Wavuvi wa Ziwa Kivu wanaovua samaki wadogo waitwao sambaza, wanaounganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuingia ziwani usiku na taa zao, wangelielewa bila kamusi.

Matumizi: pandisha tanga la mbele, kaza waya wa kulia na wa kushoto sawasawa, na ukiwa majini tazama waya wa upande usiopigwa na upepo; ulegee kidogo, usining'inie. Andika wambo mkali, wambo mlegevu, wambo wa waya wa kulia, yote katika ngeli ya U.

Kijitabu nimekirudisha. Kila penye mvutano nimefuta kwa wino mwekundu na kuandika wambo pambizoni. Kikipigwa chapa na mvutano wake, basi jina langu liondolewe kwenye orodha ya wasahihishaji.