Tanga na Mlima: Taarikhi ya Picha za Ziwa Nyasa

Wapiga picha wa Norway na wa Alaska wana sura moja waipendayo mno, nayo ni chombo cha tanga kikipita mbele ya safu ya milima iliyofunikwa na theluji. Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki hatukujaaliwa mandhari hiyo, kwani theluji yetu mashuhuri iko juu ya Kilimanjaro, mbali na bahari, na hata hiyo, Johannes Rebmann alipoitolea habari baada ya kuiona mwaka 1848, walikuwako wanazuoni wa London waliomkadhibisha. Walakini mtu akitoka Songea na kushika njia ya magharibi, akapita Mbinga katika nchi ya Wamatengo na mashamba yao ya ngoro, kisha akateremka hadi Mbamba Bay, atalikuta jambo lililo karibu mno na hilo: ziwa ambalo kina chake hufikia takriban mita 700, na upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Ruhuhu, ukuta wa milima ya Livingstone uliopanda moja kwa moja kutoka majini mpaka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Theluji haimo, ukungu na mawingu vimo tele, na kama tutakavyoona, kamera za zamani ziliitia milima hiyo weupe usiokuwa wake.

Kabla ya kamera lilitangulia tanga. Mnamo miaka ya 1840 alikuja mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, akaweka makao Nkhotakota upande wa magharibi wa ziwa, akajulikana kwa cheo cha Jumbe, cheo walichokirithi waliomfuata. Naye aliunda majahazi kwa ustadi wa mafundi wa bahari, mbao na mlingoti na foromali, ili avushe pembe na watumwa mpaka ufuko wa mashariki, ambako misafara iliwapokea na kuwaongoza Kilwa. Ni haki tuseme waziwazi kwamba tanga zuri la Ziwa Nyasa, lile ambalo mpiga picha angelitamani, lilikuwa kwa miaka mingi tanga la biashara ya wanadamu, na aliyesimama ufukweni akaliona likitokea hakuwa na nafasi ya kuustaajabia uzuri wake.

Kamera nayo ilikuja katika mizigo ya Wazungu. Msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858, ulikuwa na mpiga picha wake rasmi, naye ni Charles, ndugu yake Livingstone. Na daktari wa msafara huo, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alipiga picha pia, na aghalabu kwa ustadi zaidi. Mwaka 1861 wote watatu walifika ziwani wakiwa na mashua ndogo iliyochukuliwa mabegani kupita maporomoko ya mto Shire. Lakini sanaa ya picha ya wakati ule haikupatana na tanga hata kidogo. Fundi alipaswa kukipaka kioo dawa ya kunata gizani ndani ya hema, akakichovya katika maji ya fedha, akakitia kamerani kikiwa bado kibichi, akafunua lenzi kwa sekunde kadhaa, kisha akakimbilia hemani kukisafisha kabla jua halijakikausha. Na katika sekunde hizo chombo kilichotweka kimekwisha kusogea, mawimbi yamekwisha kubadilika, na kilichobaki kiooni ni wingu la kijivu mahali palipokuwa na tanga. Mlima hutulia, mti hutulia, chifu aliyeamriwa asitikisike hutulia. Chombo chenye upepo hakimngoji mtu. Ndiyo sababu picha za kale za vyombo huonyesha matanga yaliyokunjwa na nanga chini, nasi tusidhani kwamba mabaharia wa zamani walikuwa wavivu.

Mwaka 1875 E. D. Young alileta vipande vya meli ndogo ya moshi, Ilala, akaiunga na kulizunguka ziwa, na ndiye aliyeiita safu ile ya kaskazini-mashariki kwa jina la Livingstone. Tangu hapo wageni walilipiga picha ziwa kwa ajili ya meli zao. Wamisionari wa UMCA walikuwa na Charles Janson tangu katikati ya miaka ya 1880. Wadachi wakashusha Hermann von Wissmann majini mwaka 1893, meli iliyopatikana kwa fedha za bahati nasibu ya kupinga biashara ya utumwa. Na mwaka 1901 ikaja Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyekufa maji mwezi wa Septemba 1895 pale chombo chake cha tanga kilipopinduliwa na dhoruba. Habari na picha za kazi ya wamisionari zilipelekwa Uingereza, wafadhili wakavutwa kuchanga; na mfadhili alitaka kuona alichokilipia, yaani dohani na moshi. Tanga la mwenyeji likabaki pembeni, au likaachwa nje kabisa.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kwa upande wetu ni Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la Wadachi, aliyezunguka nchi za Nyasa na Ruvuma baina ya 1897 na 1900, ambao ndio wakati uleule boma la Songea lilipojengwa katika nchi ya Wangoni. Kitabu chake kikubwa juu ya nchi hizo kilitoka Berlin mwaka 1906 pamoja na atlasi ya picha, na hata leo anayetaka kuona milima, nyumba na mitumbwi ya ufuko huu ilivyokuwa kabla ya vita vya Maji Maji hana budi kukifungua. Sharti akifungue kwa hadhari. Mtu yuleyule aliyeelekeza lenzi kwenye ziwa aliwapima watu viwiliwili vyao, akawapiga picha uso kwa mbele na ubavuni kama vielelezo vya wanyama, na mwaka 1902 alikwisha kutoa tasnifu juu ya maumbile ya watu wa kaskazini mwa Nyasa. Kitabu chake kilitoka katika mwaka ambao Nduna Songea Mbano alinyongwa na wenzake wengi katika mji ambao sasa una jina lake.

Sasa nirudie ahadi yangu juu ya weupe. Sahani kavu za kioo, zilizoenea katika miaka ya 1880, zilikuwa na kasi ya kutosha kukamata tanga likienda, lakini zilikuwa na ila moja: ziliathiriwa kupita kiasi na rangi ya buluu. Mlima uonekanao kwa mbali juu ya maji huwa wa buluu, na mbingu ni ya buluu. Basi vyote viwili vilitoka vyeupe, na kilele kikapotea angani, hata mtu asiyeijua nchi angaliweza kuapa kwamba ameona theluji juu ya Nyasa.

Kuna pia shida ambazo hata kamera ya leo haiziondoi. Milima iko mashariki mwa ziwa, kwa hiyo asubuhi uso wake unaoliangalia ziwa umo kivulini, na mpiga picha inampasa angoje alasiri, awe majini, jua liwe nyuma yake. Kuanzia mwezi wa tano hata wa nane mwera huvuma kutoka kusini na kuyainua mawimbi, manahodha wenye busara wakabaki ufukweni. Na ukitulia, miezi ya kiangazi inayofuata huleta moshi wa mioto ya nyika unaoziba kila kitu. Pengine huonekana nguzo nyeusi ikisimama juu ya maji kama moshi wa meli, ilhali ni kungu, wadudu wadogo watokao majini kwa mamilioni, ambao watu wa ziwani huwanasa, huwaponda na kufanya mkate. Nadhani wakati ulio bora ni mara baada ya masika, mvua inapokuwa imeosha hewa na mwera haujashika nguvu.

Picha ambayo ningependa kuiona kuliko zote ni ya Liuli. Hapo, mahali Wadachi walipopaita Sphinxhafen, mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, alitoka kwa ghadhabu kuuliza kisa, kwa kuwa habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, hata kwa kicheko. Lakini mwenyeji wa Liuli aliyekuwa anatweka tanga siku ile, akasikia mzinga ukilia katika ghuba yake, hakuandikwa; na William Percival Johnson, mmisionari aliyelitumikia ziwa hili tangu miaka ya 1880 mpaka akafa papo hapo Liuli mwaka 1928, anatajwa kila mahali, ilhali mabaharia waliompeleka kijiji hadi kijiji hawatajwi.

Hilo ndilo pengo la picha za Nyasa. Majina ya milima na ya meli yamo, bali jina la mshika usukani halimo. Basi nawaomba wenye picha za zamani katika nyumba za Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, Mbinga na Songea, wazigeuze leo, na kwa kalamu ya risasi, pasipo kukandamiza, waandike nyuma yake mahali, mwaka, jina la chombo na majina ya watu wote waliomo, maadamu wazee wanaowatambua wangali hai.