Nani anashika pembe? Historia ya kunoa kisu, kutoka inooro hadi vinoleo vya mwongozo

Leo tuache kidogo mambo ya seva na programu, tuingie jikoni. Mada ni kisu. Najua kuna atakayeuliza: kisu na teknolojia, wapi na wapi? Subiri kwanza. Makali ndiyo teknolojia kongwe kuliko zote tunazozijua, na sisi Wakenya tuko nayo karibu. Mawe yaliyochongwa makali yaliyogunduliwa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 2011, yana umri wa takriban miaka milioni 3.3. Tangu hapo swali ni lile lile: makali yakiisha, yanarudishwaje?

Wahenga walisema, kinolewacho hupata. Kupata hapa maana yake ni kukata vizuri. Lakini wahenga hawakusema kinolewe vipi, na hapo ndipo historia yenyewe ilipolala. Kunoa kuna mambo mawili tu: jiwe na pembe. Jiwe linakwangua chuma. Pembe ni mlalo wa kisu juu ya jiwe. Mlalo ukibadilika kila unapovuta mkono, makali yanakuwa ya mviringo, na utanoa mchana kutwa bila kisu kupata.

Hoja yangu ni hii: jiwe lilihamia kiwandani zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini pembe ilibaki mkononi mwa fundi kwa takriban miaka 80 zaidi. Na kwetu Thika na Ruiru, kwa sehemu kubwa, bado iko mkononi.

Chuma laini, jiwe la mtoni

Wakikuyu wa Thika, Gatundu na Murang'a huliita jiwe la kunolea inooro. Ndiyo, jina lile lile la redio mnayoisikia kwenye matatu. Kiswahili kinasema kinoo. Sikio peke yake linatosha kukuambia maneno haya ni ndugu, na kwamba kunoa si jambo tuliloletewa na meli.

Katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, Jomo Kenyatta, mtu wa Gatundu, alieleza kazi ya wahunzi wa Kikuyu waliopata chuma kutoka kwenye mchanga. Kabla yake, mwaka 1910, William na Katherine Routledge walikuwa wameandika juu ya kazi hiyo hiyo. Mchanga mweusi wenye madini ulioshwa, ukayeyushwa kwa makaa na viriba, kisha chuma kikafuliwa kuwa jembe, mkuki au upanga.

Chuma cha namna hiyo kwa kawaida ni laini. Kinaisha makali upesi, lakini kunoa kwake hakusumbui. Jiwe lolote la mtoni lenye chembe ngumu kukishinda linatosha. Pembe nayo ilikuwa urithi: mtoto aliangalia mkono wa baba, akaiga, akakosea, akaiga tena.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na zama za bidhaa za viwandani zikaja nayo. Mapanga ya chuma cha kiwandani yakawa kitu cha kila shamba. Chuma hicho ni kigumu zaidi, kwa hiyo kinadai jiwe gumu zaidi na lenye chembe za saizi moja. Mawe yetu ya Ndarugu yamejenga nyumba nyingi kutoka Ruiru hadi Juja, lakini ni majivu ya volkano yaliyogandamana, chembe kubwa na ndogo pamoja. Kwa ukuta, safi kabisa. Kwa kisu, chembe moja kubwa inatosha kuacha mkwaruzo juu ya makali uliyohangaikia nusu saa.

Ajali njema ya mwaka 1891

Sasa tusafiri kidogo, kwa sababu jiwe lililomaliza tatizo hilo lilitoka Marekani. Mwaka 1891, huko Pennsylvania, Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi. Alichanganya udongo wa mfinyanzi na makaa, akapitisha umeme mkali. Almasi haikutoka. Zilitoka fuwele ndogo zinazong'aa, ngumu karibu kama almasi yenyewe. Akaziita carborundum. Mwaka 1895 alihamishia kazi Niagara Falls, ambako umeme wa maporomoko ulikuwa mwingi na wa bei nafuu. Haukupita muda, oksidi ya alumini nayo ikaanza kutengenezwa kwa tanuri za umeme.

Umuhimu wake haukuwa ugumu peke yake. Ulikuwa usawa. Fuwele zikisagwa na kuchekechwa, unapata unga ambao chembe zake zote zinakaribiana saizi, kisha unauchoma pamoja na udongo kuwa jiwe. Hapo ndipo namba za mawe zilipopata maana. Namba ndogo, kama 200, ni chembe kubwa za kuondoa chuma kingi. Namba 1000 ni ya kutengeneza makali ya kawaida ya jikoni. Namba 8000 ni ya kung'arisha. Chembe zake ni takriban maikroni 1, wakati unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70.

Mwaka 1954 kampuni ya General Electric ilifanikiwa kutengeneza almasi ya viwandani, ile aliyoikosa Acheson. Leo bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi ni kitu cha kawaida, na linahitajika kweli, maana baadhi ya vyuma vya siku hizi vina chembe ndani yake zilizo ngumu kuliko oksidi ya alumini.

Kwa hiyo jiwe lilikuwa limekwisha kutatuliwa. Pembe je?

Baiskeli isiyokwenda popote

Mashine ya kunolea tunayoijua zaidi mitaani kwetu ni baiskeli. Mnajua ninayoisema: gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa stendi, mshipi unapanda hadi kwenye jiwe la mviringo lililofungwa mbele ya mnoaji, naye anakanyaga pedali huku cheche zikiruka. Akimaliza bucha hii na jiko la hoteli ile, anashusha mshipi na kuendesha hadi mtaa wa pili. Kiwanda na gari la kiwanda ni kitu kimoja. Kama mhandisi, navua kofia.

Lakini itazameni kwa makini. Baiskeli imetatua nguvu na mwendo. Jiwe lake limetatua usawa wa chembe. Pembe haikuguswa. Iko kwenye viganja viwili vya mnoaji, na inategemea macho yake, uchovu wake, na foleni ya wateja. Kuna hatari nyingine pia: jiwe kavu linalozunguka kasi linatoa joto. Visu vingi vya chuma cha kaboni hupewa ugumu wao wa mwisho kwa joto la karibu digrii 200 za Selsiasi. Ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, ujue yamefika karibu 300, na sehemu hiyo imekuwa laini. Kisu kitapata leo, kesho kutwa kiko butu, na kila safari jiwe linakula chuma. Mnoaji stadi anajua kugusisha kidogo kidogo na kuchovya kisu majini. Ustadi huo hauandikwi popote. Akistaafu, anaondoka nao.

Ruiru na kisu cha kahawa

Kama unadhani hili ni suala la kukata nyanya tu, nenda Ruiru. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ule uitwao CBD, ulitambuliwa Kenya mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaenea vibaya. Mwaka 1971 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ambacho leo ni sehemu ya KALRO, kilianza mpango wa kuzalisha aina inayostahimili. Mwaka 1985 ikatoka Ruiru 11, jina la mji wetu likasafiri duniani. Mwaka 2010 ikafuata Batian.

Tatizo la Ruiru 11 lilikuwa mbegu. Ni chotara, na mbegu yake inapatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, kazi ya polepole. Na mkulima mwenye miti ya zamani ya SL28 hapendi kuing'oa akaanza upya. Njia mojawapo ni kubebesha: unakata mti wa zamani, unaacha machipukizi yaote, kisha unapachika juu yake kijiti cha aina mpya. Mizizi ya zamani, matawi mapya.

Kazi hiyo yote inasimama juu ya mkato mmoja. Tabaka hai lililo chini ya gome la kijiti lazima ligusane na tabaka hai la shina. Kisu kikali kinaacha uso laini, pande mbili zinashikana. Kisu butu kinaponda badala ya kukata, panabaki nafasi, kijiti kinakauka. Kwa hiyo makali ya kisu kidogo yanaamua kama mti utazaa kahawa mpya au mkulima atapoteza msimu. Visu vingi vya kubebeshea hunolewa upande mmoja tu, ili mkato uwe bapa. Ukikipeleka kwenye jiwe la baiskeli na kunolewa pande zote mbili kama cha bucha, kinakuwa kisu kingine kabisa.

Pembe yatoka mkononi

Vinoleo vya mwongozo vilianza kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Spyderco ya Colorado ilitoa fito za kauri zinazosimama kwa mlalo maalumu: wewe unashusha kisu wima tu, mlalo ni kazi ya fito. Lansky ya New York ikaja na kibano kinachoshika kisu, chenye matundu, na jiwe lililofungwa kwenye ufito mwembamba unaopita tunduni. Kila tundu lina pembe yake. Baadaye Ben Dale wa Oregon akatengeneza Edge Pro, ambapo egemeo la ufito linapanda na kushuka upendavyo, na Clay Allison wa New Mexico akaleta Wicked Edge, yenye mawe pande zote mbili za kisu.

Siri ya aina hizi za ufito ni hesabu ya kidato. Gawanya kimo cha egemeo juu ya bapa la kisu kwa umbali wake hadi kwenye makali. Unapata tanjenti ya pembe. Umbali ukiwa sentimita 15, kimo cha sentimita 5.5 kinakupa digrii 20, za kisu cha jikoni kinachofanya kazi ngumu. Kimo cha sentimita 4 kinakupa digrii 15, makali membamba zaidi. Na kama makali yamenyooka, pembe haibadiliki hata jiwe likitembea kutoka mpinini hadi mwisho. Inabadilika kidogo pale kisu kinapopinda kuelekea ncha, kwa sababu umbali umebadilika.

Sisi waandishi wa programu tunalitambua jambo hili. Ni kuchukua kitu alichokuwa akikikumbuka mtu, ukakiweka mahali pamoja, mara moja, ili kila anayekuja akikute.

Vifaa vya ziada navyo vina mantiki yao. Mawe hayalingani unene. Jiwe likizidi kwa milimita 1, pembe inasogea kama thuluthi ya digrii, ndiyo maana huuzwa pete za kurekebisha egemeo. Kuna vipima-pembe vya sumaku, lakini simu yako tayari ina kihisi cha mlalo: ilaze juu ya bapa la kisu, soma, ilaze juu ya jiwe, soma, tofauti ndiyo pembe. Mwisho kuna ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arisha, wa kuondoa uzi mwembamba wa chuma unaobaki kwenye makali. Na ngozi, jamani, ni bidhaa ya Thika! Leather Industries of Kenya na Bulleys Tanneries ni viwanda vya mji huu.

Je, tuagize?

Mifumo ya kifahari inauzwa kwa mamia ya dola, na hata ile rahisi inahitaji mawe yake. Kwa mwenye bucha mmoja au mkulima mmoja wa Gatundu, hesabu hiyo haiingii akilini. Lakini angalieni vitu vyenyewe: kibano, ufito ulionyooka, nguzo yenye parafujo ya kupandisha egemeo, na jiwe la dukani. Hakuna kipande kinachomshinda fundi wa jua kali wa Thika mwenye mashine ya kuchomelea. Kinachogharimu sana kwenye bidhaa za ng'ambo ni umaridadi na jina. Hesabu ya tanjenti ni bure.

Wala simwondoi mnoaji wa baiskeli. Yeye ndiye aliye na wateja na anayewajua visu wao. Mpeni egemeo la pembe mbele ya jiwe lake, na kopo la maji, na kisu cha kahawa kitarudi kwa mwenyewe kikiwa bado kisu cha kahawa. Jiwe la Acheson limekuwepo tangu kabla reli haijafika Thika. Pembe ndiyo deni lililobaki, na kulilipa kunahitaji ufito mmoja wa chuma.

Haya, kazi kwenu mafundi. Atakayeunda, atuonyeshe.