Paa la Bodaboda: Ufundi wa Mpakani Busia na Malaba

Hakuna kiwanda kinachotengeneza bodaboda. Viwanda vya India na China hutengeneza pikipiki. Bodaboda hukamilishwa na fundi wa kuchomelea, fundi wa viti na fundi cherehani, aghalabu kando ya barabara, mwenye chombo akiwa amesimama papo hapo kuwaelekeza. Busia na Malaba, upande wa Kenya, kazi hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne. Zao lake la karibuni ndilo linaloonekana kwa mbali zaidi, nalo ni mwavuli mrefu unaomfunika dereva na abiria, kuanzia juu ya taa ya mbele hadi nyuma ya karia.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka wa 1902 nchi yote hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya, na mstari ukafuata mito, Sio kwa kusini na Malaba kwa kaskazini. Wasamia wakajikuta pande mbili, Wateso vilevile, na shughuli za mazishi, mahari na soko zikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mageti, na kati ya geti la Kenya na la Uganda pale Busia palikuwa na mwendo wa karibu kilomita nzima. Abiria alishushwa na basi upande mmoja, akatembea juani na mizigo yake kichwani, akapanda gari jingine upande wa pili.

Hapo ndipo baiskeli ilipopata kazi. Masimulizi mengi huitaja miaka ya 1960, mengine ya 1970. Vijana walisimama getini wakiita abiria, "boda-boda", jina ambalo leo linatumika hadi Kigoma na Juba, na Malaba nako wakaiga mara moja. Chombo chenyewe kilikuwa ile baiskeli nzito nyeusi inayoitwa Black Mamba, iliyoundwa kubeba mtu mmoja. Mafundi wakaibadilisha. Karia ilitiwa nondo za kuikaza, juu yake ukawekwa ubao, juu ya ubao sponji, na juu ya sponji ngozi ya plastiki iliyoshonwa kwa uzi mnene na kutiwa mishono ya urembo pembeni. Kwenye ekseli ya nyuma kukatokeza vyuma viwili vya kukanyagia. Mama aliyevaa gauni aliketi upande, kwa hiyo mto ulihitaji kuwa mpana kuliko karia. Kila sehemu ya kiti kile ilitokana na malalamiko ya abiria fulani.

Enzi ya Idi Amin iliufanya ufundi huo kuwa wa lazima. Baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka wa 1972, sabuni, chumvi na sukari viliadimika upande ule, na baridi kali iliyoangamiza mibuni ya Brazili Julai 1975 ikapandisha bei ya kahawa duniani. Magendo yakashamiri, kahawa ikija Kenya na bidhaa za dukani zikienda Uganda. Soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon, ndilo lililovuma zaidi, lakini njia za panya za Busia nazo hazikulala. Baiskeli iliyobeba gunia ilihitaji karia tofauti kabisa na ile ya abiria, na fundi aliyejua kuunda zote mbili hakukosa chakula.

Kuna waundaji wengine wa enzi hiyo ambao historia huwapita haraka mno. Watu waliolemazwa miguu na polio walianza kuvuka mpaka wa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Maofisa wa forodha hawakuwabana sana, na wafanyabiashara wakaona mwanya. Baiskeli iliyokusudiwa kumsaidia mtu afike kanisani ikawa chombo cha kubebea mizigo, na mwenyewe akawa mchukuzi anayelipwa, mwenye chama na mwenye nyumba. Kwa maoni yangu hakuna uundaji mpakani hapa unaostahili heshima zaidi ya huo.

Pikipiki zilichelewa. Zilikuwapo, lakini chache na ghali, mpaka serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa zile za chini ya cc 250 mwaka wa 2008. Ndani ya miaka michache pikipiki za Bajaj Boxer na TVS zilijaa kila steji kutoka Bumala hadi Amagoro, na baiskeli zikabaki za safari fupi na za mizigo. Mto wa kiti ukahama kutoka chombo kimoja hadi kingine karibu bila kubadilika. Tatizo jipya lilikuwa mvua. Busia iko jirani na Ziwa Victoria, na mawingu ya alasiri hayana simile: kwa baiskeli ungejibanza chini ya mwembe, lakini pikipiki ilikuwa imekwisha kumpeleka abiria kilomita kumi na tano kutoka mjini, barabara ya murramu, mashamba ya miwa pande zote. Katika miaka ya 2010 miavuli ikaenea.

Wazo la paa juu ya pikipiki halikuzaliwa hapa. Honda ya Japani ilitoa mwaka wa 1990 chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Gyro Canopy, kilichopendwa na wapelekaji wa vyakula, na BMW ya Ujerumani ikatoa C1 mwaka wa 2000, yenye paa na mikanda ya usalama. Ya Wajerumani haikudumu. Cha kuchekesha ni kwamba paa la C1 lilimfunika dereva peke yake. Abiria, ikiwa alikuwapo, aliketi nyuma, nje ya paa, akinyeshewa. Mtu angeleta muundo huo steji ya Busia angeulizwa ni nani anayelipa nauli.

Mwavuli wa mpakani huundwa hivi. Fundi huanza na mabomba membamba ya chuma, mawili mbele na mawili nyuma. Ya nyuma hufungwa kwenye karia kwa bolti. Ya mbele ndiyo yenye siri: yakifungwa kwenye usukani, paa litajaribu kugeuka na gurudumu huku nyuma likiwa limeshikwa, na dereva atahisi usukani mzito kila kona. Kwa hiyo fundi anayejua hutafuta sehemu ya fremu isiyozunguka, chini ya tangi au nyuma ya taa, akachomelea kibao hapo. Juu hupita bomba moja la mgongo, na kutoka kwake hushuka mbavu za chuma chembamba zilizokunjwa kwa mkono. Fundi cherehani hukata turubai vipande virefu, akaviunganisha na kuacha mifuko ukingoni ili ncha za mbavu ziingie. Mbele hutiwa plastiki angavu kuwa kioo. Turubai likishonwa bila kukazwa litapigapiga, na linalopigapiga huchanika kabla mwaka haujaisha.

Hapa mtu wa bodaboda anakutana na mtu wa ndege. Kenya ina watu waliojiundia ndege nyumbani, akiwamo Gabriel Nderitu wa Othaya, na waundaji wengi wa namna hiyo, popote duniani, hufika siku ya kufunga kifuniko cha rubani. Kifuniko hicho aghalabu ni cha akriliki, plastiki ngumu angavu ambayo Waingereza walianza kuiuza miaka ya 1930 kwa jina la Perspex. Tundu la bolti hutobolewa pana kuliko bolti yenyewe, kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto kuliko chuma, na ikibanwa bila nafasi hupasuka. Keekee ya kawaida huing'ata na kuivunja. Ya waundaji hao husagwa ncha ili ikwangue polepole. Plastiki ya mbele ya mwavuli nayo hupasukia pale pale, kwenye bolti iliyokazwa mno, kisha jua linaifubaza mpaka dereva anachungulia pembeni.

Hoja kubwa ni upepo. Hewa inayopita juu ya kifuniko cha ndege hukivuta kwenda juu, ndiyo maana vitasa vyake hukaguliwa kabla ya kuruka. Turubai la bodaboda huvutwa vivyo hivyo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne: paa la mita moja ya mraba lililo tulivu kwa kilomita 30 kwa saa laweza kupata msukumo wa uzito wa kilo 15 na zaidi kwa 60. Ongeza lori la trela linalopita kasi kutoka upande wa Malaba, na kibao kilichochomelewa vibaya kitajulikana. Wanaodai kwamba mwavuli hauna hatari hawajauendesha kwenye lami, na wanaotaka upigwe marufuku kabisa hawajampeleka mgonjwa hospitali ya Alupe usiku mvua ikinyesha.

Umbali kati ya mageti, ulioanzisha kazi yote, umepungua maana. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni tarehe 24 Februari 2018, na msafiri sasa hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili. Kazi haikuisha, ilihamia vijijini na kwenye foleni za malori. Mwaka wa 2020, vipimo vya korona vilipoifanya foleni ya Malaba ivuke kilomita 30, madereva wa trela walihitaji chakula, muda wa maongezi na dawa, na waliowafikia walikuwa bodaboda.

Swali lililopo sasa ni la betri. Pikipiki za umeme zimeanza kuingia Kenya, na turubai lililo wazi kwa upepo hula chaji, hivyo safari hufupika. Mwenye chombo cha petroli hakuwahi kulipima hilo kwa uangalifu; wa umeme huliona kwenye kioo cha dashibodi kabla ya kufika Nambale. Mafundi wa fremu watalazimika kushusha paa, kulipunguza upana na kuliinamisha mbele.