Antoinette Lubaki, mchoraji wa Bukama

Mwaka huu wa 2026 unatimiza miaka 100 tangu Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, alipovutiwa na nyumba za Bukama, kando ya mto Lualaba, ambazo kuta zake zilikuwa zimepambwa kwa picha. Rangi zilikuwa udongo mweupe, makaa na udongo mwekundu, vitu ambavyo mvua za Katanga haziviachi vidumu. Thiry akawagawia wachoraji karatasi na rangi za maji.

Kila historia hiyo inaposimuliwa, anayetangulia ni Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Mkewe Antoinette, binti wa chifu wa kijiji, hutajwa mwishoni, kama vile kazi yake ilikuwa kumshikia mume brashi. Si haki. Mama huyu alichora mwenyewe, na ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kongo wanaojulikana kwa jina kuwa walichora kwenye karatasi.

Tazama mkono wake. Ndege, wanyama na watu wanasimama katikati ya karatasi nyeupe, bila kivuli wala mbingu nyuma yao. Rangi imelala bapa ndani ya mstari ulio wazi. Hakuna kinachojazwa kwa kuogopa uwazi.

Yaliyompata Antoinette yaliwapata hata waliokuwa karibu na sifa. Berthe Morisot alishiriki maonyesho 7 kati ya 8 ya Waimpresheni wa Paris, kuanzia lile la kwanza la 1874. Alipofariki mwaka 1895, cheti cha kifo kiliandika kwamba hakuwa na kazi. Hakuwa na kazi, yeye aliyechora maisha yake yote!

Picha za kina Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva 1930 na Paris 1931, kwa jitihada za Thiry na Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni ya Ubelgiji. Kisha kimya. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés akafungua karakana yake ya uchoraji Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na majina ya wachoraji wake Pilipili, Bela na Mwenze yakashika masikio ya watu.

Paris ilimkumbuka Antoinette mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo. Ndugu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu) mlioko Kasapa, fundisheni habari zake pia hapa nyumbani, kwa jina lake kamili, na miaka hii 100 isipite bila picha zake kuonyeshwa Lubumbashi.