Gunia Moja, Hati Mbili

Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, korosho za Newala na Masasi zilinunuliwa mlangoni kwa mkulima. Bei ilikuwa ya mdomo, na kipimo hakikuwa mizani kila mara. Msimu wa 2007/08 Mtwara, mkoa wa wilaya hizo, ikaingia kwenye stakabadhi ghalani, mfumo uliotokana na Sheria ya Stakabadhi za Maghala Na. 10 ya mwaka 2005. Mzigo hupimwa kwenye chama cha msingi, hupangwa daraja na kupelekwa ghala kuu. Kisha chama kikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa upande wa Masasi, huupeleka mnadani.

Ufundi wenyewe umo kwenye karatasi. Stakabadhi ina sehemu mbili: hati ya umiliki na hati ya rehani. Ya kwanza husema mali ni ya nani. Ya pili humpa aliyekopesha, kwa kawaida benki, haki ya kuizuia. Gunia halitoki mpaka zote mbili zirudi kwa mwendesha ghala na kufutwa. Akilitoa mapema, benki inabaki na karatasi tupu.

Waandishi wa programu wanaijua kero hiyo. Katika keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, draiva (programu inayoendesha kifaa) ikishika kitu kilichomo kwenye kumbukumbu, hesabu ya wanaokitumia huongezwa moja. Ikikiachia, hupunguzwa moja. Hesabu ikifika sifuri, kitu hufutwa. Draiva ikisahau kupunguza, na husahau zaidi pale inapojitoa haraka baada ya kukuta hitilafu, kumbukumbu hukaliwa bure. Ikipunguza mara mbili ni balaa zaidi: kitu hufutwa huku mwingine angali anakitumia, na wadukuzi hupenya hapo hapo. Mwaka 2017, toleo la 4.11 lilileta refcount_t, hesabu ambayo ikishafika sifuri hukataa kuongezwa tena.

Kusini mwa Tanzania, wajanja wa korosho hawakuhangaika na ghala wala hati zake. Walianzia shambani.

Mnunuzi wa kangomba, yaani ununuzi wa nje ya mfumo, humlipa mkulima papo hapo, kwa bei ya chini, wakati wa njaa au ada za shule. Baadaye mzigo huingia chamani kwa jina la mkulima yule yule. Daftari linasema mwenye mali ni huyu, kumbe ameshauza. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnadani, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Kabla ya kulipa, maofisa walifanya uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilikwenda taratibu mno, na wengi ambao hawakuwa na hila yoyote walisubiri malipo kwa miezi.

Ucheleweshaji haukuwa mgeni. Miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani mkulima alilipwa kwa awamu, na Aprili 2013 hasira juu ya malipo ya pili iliishia kwa nyumba za viongozi kuchomwa moto huko Liwale, mkoani Lindi.

Msimu wa 2024/25 minada ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Zabuni sasa huonekana kwenye skrini. Uhakika wa nani alivuna korosho zilizomo guniani bado hutafutwa kijijini, kwa daftari la chama na kwa macho ya majirani.