Majeraha ya njia ya hewa kwa watoto waliowekewa mrija wa kupumulia

Majeraha ya njia ya hewa yatokanayo na mrija wa kupumulia ni madhara yanayotokea kwenye zoloto au bomba la hewa la mgonjwa anayepumua kwa msaada wa mashine. Kwa watoto walio katika wodi ya wagonjwa mahututi yana uzito wa pekee, kwa kuwa njia yao ya hewa ni nyembamba na mtoto mdogo hawezi kuelezwa atulie akaelewa.

Sababu

Chini kidogo ya nyuzi za sauti kuna gegedu la krikoidi, pete pekee iliyo kamili katika njia ya hewa. Gegedu za bomba la hewa ziko wazi upande wa nyuma. Hii imefungwa kote, hivyo utando wake ukivimba huvimba kuelekea ndani tu. Kwa mtoto mchanga mwenye nafasi ya kipenyo cha milimita 4, uvimbe wa milimita 1 pande zote hubakiza milimita 2, yaani robo tu ya eneo la awali. Mtu mzima pengine asingeuhisi.

Mrija mnene mno, au puto lake likijazwa hewa kupita kiasi, hubana mishipa midogo ya damu. Utando hukosa damu, hufanya kidonda, na kidonda kikipona huweza kuacha kovu. Ndiyo maana shinikizo la puto hupimwa, na kwa kawaida halitakiwi kuzidi sentimita 20 hadi 25 za maji.

Dawa za kutuliza

Mtoto anayejitupa huku na huku huusugua mrija kooni, au huung'oa kabisa, na kuurudisha kwa haraka kunaweza kuleta jeraha jipya. Kwa hiyo hupewa morfini, fentanili, midazolamu au deksmedetomidini. Lakini usingizi mzito unaweza kurefusha siku za mashine, tena mwili huzoea dawa: zikikatwa ghafla mtoto hutetemeka, hutoka jasho na kuharisha, hali ambayo mitaani huitwa arosto.

Utafiti wa RESTORE, uliochapishwa mwaka 2015 na Martha Curley na wenzake, ulihusisha watoto 2,449 katika wodi 31 za Marekani. Baadhi ya wodi zilitumia mwongozo wa wauguzi wa kupima utulivu na kurekebisha dozi. Siku za mashine hazikupungua. Watoto wa kundi hilo walikaa macho na watulivu zaidi, ila mlio wa koo baada ya kutolewa mrija ulitokea kwa asilimia 7 yao, dhidi ya asilimia 4 kwa wengine. Tofauti ni ndogo, lakini haifai kupuuzwa.

Dalili na tiba

Dalili kuu ni mlio mkali wakati wa kuvuta pumzi na kifua kubonyea. Uvimbe hutibiwa kwa deksamethasoni na mvuke wa adrenalini. Kovu huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye na kudhaniwa kuwa pumu. Ukali wake hupangwa katika ngazi nne za Myer na Cotton. Ngazi ya nne ni njia iliyoziba kabisa. Kovu kali huhitaji kupanuliwa kwa puto, upasuaji wa kuongeza gegedu la ubavu, au tundu la kupumulia shingoni.